Kumtafuta Baba Kutoka Juu ya Tao

Sijawahi kulipenda tao lile. Limesimama ufukweni mwa Gisenyi kama mtu aliyepanua miguu barabarani akikataa kuwapisha wenzake. Mguu mmoja una lifti, wa pili una ngazi ambazo hakuna anayezipanda, na juu kabisa kuna mgahawa na baraza ya vioo ya kutazamia ziwa. Lilipofunguliwa, mji mzima ulikwenda kupiga picha. Mimi niliapa sitatia mguu, na kiapo hicho nilikivunja kwa ajili ya mama.

Baba alikuwa mvuvi wa sambaza, vidagaa vya ziwa letu. Kwetu wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wakashusha wavu, na hurudi asubuhi wakiimba. Asubuhi moja upepo ulivunja miti yao wakiwa bado mbali. Wote waliokolewa isipokuwa baba. Wenzake walimtafuta, askari wa ziwani wakamtafuta, hakuonekana. Watu wa hapa wanaijua tabia ya ziwa letu: likishachukua, kurudisha ni nadra.

Mama akakataa matanga yaondolewe. Desturi yetu, mtu akishazikwa, baada ya siku chache jamaa hukusanyika, wakala na kunywa, kisha mfiwa akaruhusiwa kurudi kwenye shughuli zake. Kwa Kinyarwanda twaita gukura ikiriyo. Lakini sisi hatukuwa tumezika. Mama akasema hawezi kuondoa matanga ya mtu asiyejulikana amelala wapi. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, na tao likajengwa hadi likafunguliwa. Hakulima, hakwenda kanisani, na sambaza hakuzitia mdomoni tena. Shangazi zangu walipomkumbusha kwamba kilio huanza mfiwa, aliwajibu kwamba basi na kukimaliza ni kwa mfiwa, wamwache.

"Mi sitaki mengi," aliniambia nyumbani kwake Rugerero. "Munionyeshe tu fasi iko, pale analala. Nijue nikiomba nageuza uso wapi."

Kumpakia mtumbwini haikuwezekana. Mama kazaliwa milimani, maji anayaogopa hata yakiwa ndani ya beseni, na sasa alikuwa na sababu. Ndipo nikalikumbuka tao. Nilijiona nina akili kweli. Tungepanda juu pamoja na baba mdogo, yeye angemwonyesha mama mahali penyewe kwa kidole, na mambo yangekwisha.

Huyo baba mdogo si ndugu yetu wa damu. Alikuwa mwenzi wa baba mtumbwini tangu ujana wao, na asubuhi ile walikuwa pamoja. Tangu msiba hakurudi tena ziwani; kila Jumapili alikuja kwa mama, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akakataa hata chai, kisha akaondoka. Neno lake lilikuwa moja: "Ile fasi mi naijua. Hata mukinifunga macho."

Sikuwa na shaka naye. Wavuvi hushika mahali kwa alama za nchi kavu. Mkaratusi mrefu wa ufukweni ukikaa sawasawa chini ya mnara wa kanisa, na moshi wa kiwanda ukichomoza nyuma ya kilima upande wa Rubona, basi upo palepale.

Tulipanda Jumamosi mchana. Mama alivaa kitenge chake cha kuendea harusi za watu. Baba mdogo, mtu wa mawimbi, alishika ukuta wa lifti kwa mikono miwili akafumba macho, na ningemcheka kama ingekuwa siku nyingine. Huko juu mhudumu alitukaribisha kwa sambaza za kukaanga ndani ya kikapu kidogo kilichotandikwa karatasi. Mama alikisogeza kando kwa kidole kimoja. Upande wa kulia Goma ilionekana yote, mabati yaking'aa, utadhani hakuna mpaka. Hatukuwa tumekuja kwa ajili ya Goma.

Baba mdogo alisimama kwenye kioo muda mrefu. Nilipomfuata niliona jasho likimtoka.

"Mutoto wangu," alininong'oneza, "ule muti mukubwa ulikuwa wapi?"

"Waliukata, baba, walipoanza kujenga. Tumesimama palepale ulipokuwa."

Alitazama chini, akageuka kuutazama mnara wa kanisa nyuma yetu, akarudi kwenye maji. Alama zake zote zilikuwa za mtu aliye majini anayeangalia nchi kavu. Kutoka juu, ziwa lilikuwa shuka moja la kijivu lisilo na mbele wala nyuma.

"Huku juu maji yote iko sawasawa," akasema.

Nilitaka amwambie mama ukweli, na nilitaka pia asimwambie. Kabla sijaamua, mama alikuwa ameshafika.

"Shemeji, ni wapi?"

Akanyoosha mkono. "Pale, mama. Pale maji iko nyeusi kidogo."

Mama alitazama. Alisema maneno machache kwa Kinyarwanda ambayo siyaandiki hapa, ni yake na baba. Pumzi yake ilikitia kioo ukungu, akakifuta kwa ncha ya kitenge, akatazama tena. Nililia, na sioni haya kusema.

Tulirudi mezani, tukanywa chai. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mama alitaka kuambiwa mara ya pili. Tulipoinuka kuondoka alimrudisha baba mdogo kwenye kioo.

"Nionyeshe tena, nisisahau."

Wingu lilikuwa limehama, na weusi wa maji umehama nalo. Baba mdogo akanyoosha mkono upande wa Rubona, mbali kabisa na pale pa kwanza. Mama aliushika mkono ule, akaushusha taratibu.

"Merci, shemeji. Nimeona."

Tuliagana naye sokoni. Nilipobaki na mama nikaanza kufoka. Mzee mzima, anatudanganya juu ya baba yangu! Mama akanikatiza.

"Fasi imemupotea. Ulizani mi sikuona?"

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Yeye njo alimushika baba yako mukono mule ndani ya maji, mukono ukamuponyoka. Kila dimanche anakuja kukaa pale mulangoni sawa mutu anangoja polisi. Nikiendelea kukataa, naye atakufa." Akatembea kidogo. "Ita shangazi zako. Tuondoe matanga."

Tuliyaondoa wiki iliyofuata. Mbele ya jamaa wote mama alisema kwamba shemeji yake amemwonyesha mahali mumewe alipo, na sasa ametulia. Baba mdogo alijifunika uso, akalia kwa sauti. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akala chakula cha nyumba ile, sahani nzima, na akaomba aongezewe. Watu wakamsifu mama kwa moyo wake. Mimi nilikuwa na hasira naye bado. Nilidhani amekubali kutojua, na mimi sikuwa nimekubali.

Wageni walipokwisha kuondoka, nilimkuta peke yake uani, vikombe vichafu mkononi. Aligeukia upande mmoja, akasimama, akageukia mwingine.

"Na we," akaniuliza, "macho yako iko mazuri kushinda yetu. We ungesema ni wapi?"

Nilimwambia sijui, mama. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukusanya vikombe.