Zima Taa ya Ndani, Uone Barabara

Kuna jioni moja ya Kimulot ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka mikono yangu inaanza kutafuta usukani. Ni jioni niliyodanganya kijiji kizima kwamba lori ni bovu, na lori lilikuwa zima kuliko mimi.

Nakueleza kwa sababu nimesikia juzi uliacha gari Silibwet ukaomba pa kulala, eti giza limekukuta njiani. Usione haya. Vuta kiti. Na ukiniona nimesimama katikati ya maneno, usishangae, hadithi hii siwezi kuisimulia nikiwa nimekaa.

Mimi shule niliiacha darasa la tano. Dirisha letu lilitazama barabara, na kila lori lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Siku moja nikalifuata. Nimechunga ng'ombe wa watu Chepalungu, nimeswaga mbuzi mpaka soko la Siongiroi, nimepasua kuni Kericho, na nimelala karakana ya fundi mmoja aliyeniruhusu kufungua kifaa chochote mradi nikirudishe mahali pake. Hapo ndipo nilipojifunza gari. Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, watu wetu wenye vishamba vidogo ndio walikuwa wameanza kupanda chai yao wenyewe, na madereva walitafutwa. Nikapata leseni, nikapewa lori la kuni za kiwanda cha chai. Mchana, mwanangu, niliendesha kama mtu aliyezaliwa ndani ya lori!

Lori la majani lilikuwa la Mzee Ombati, Mgusii mfupi, mpole, aliyekuja kwetu kufanya kazi ya mashamba makubwa ya chai akiwa kijana na hakurudi tena kwao. Halafu asubuhi moja hendeli ya kuwashia injini ikamrudi, ikampiga mkono, akafungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Msimamizi akaniita. "Wewe. Leo jioni utaleta majani ya Kimulot."

Sasa elewa jambo moja kuhusu chai. Jani likichumwa halifi papo hapo, linaendelea kupumua. Ukilirundika linapata joto kama mtu mwenye homa, na likilala usiku kucha ndani ya gunia, asubuhi ni jekundu na linanuka, la kutupwa tu. Kwa hiyo wanawake wanachuma mchana, karani anapima jioni, na dereva anaondoka giza likiingia. Na barabara ile ilikuwa ya udongo mtupu, kona ishirini na saba, mkono mmoja mlima, mkono mwingine bonde ambalo sikuwahi kuona chini yake.

Jioni hiyo kulikuwa na foleni ndefu kwenye mizani, pale kituo cha kupokelea majani cha Kimulot. Wa mwisho alikuwa mama mmoja mjane, Kogo Taplelei. Sisi Wakipsigis bibi mzee tunamwita kogo. Alikuwa na kikapu kimoja tu, na wenzake walikuwa wakimpigia makofi.

"Karani, pima polepole," mmoja akasema. "Hii imengojewa miaka mitatu."

Ilikuwa chai yake ya kwanza. Alipanda miche mwenyewe baada ya mume wake kufa, shemeji zake wakamcheka kwamba anapanda majani badala ya mahindi. Miaka mitatu wamemcheka. Siku hiyo alishika kikapu kile kama mtoto wa kubatizwa, akaniambia, "Weri, kijana wangu, hii ukifika nayo, watanyamaza."

Nikatundika magunia kwenye ndoano za lori, nikawasha injini. Giza lilikuwa limeshuka, na ukungu wa msitu wa Mau ukaja nyuma yake. Nikawasha taa za mbele, halafu nikawasha na taa ya ndani, ile balbu ndogo juu ya kichwa cha dereva, maana nilijisikia vibaya kukaa gizani. Nikaondoka. Kona ya kwanza sikuiona. Niliona uso wangu kwenye kioo, macho yamenitoka kama ya mbuzi. Nikakanyaga breki, lori likateleza kidogo, na gurudumu la mbele likasimama karibu na ukingo kabisa. Nikatoka kutazama, nikapanda tena upesi.

Nikarudi kinyumenyume mpaka kituoni. Nikafungua boneti. Na hapo, mwanangu, nikafanya kitu ambacho sijawahi kumwambia mama yako. Nilichomoa waya mmoja.

"Lori imekufa," nikasema. "Mpaka asubuhi."

Hakuna aliyeninung'unikia. Watu wakasema pole, dereva, pole sana. Kogo Taplelei akaenda kwake akarudi na kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyolala, akanipa dirishani. "Kunywa, umechoka na hii mashine." Nikanywa. Sijawahi kunywa maziwa mazito namna ile, maana kila tone lilikuwa linauliza mambo. Nikalala ndani ya lori, taa ya ndani ikiwaka kama ya mtoto anayeogopa fisi.

Asubuhi magunia yalitoa moshi. Karani akayamwaga kando ya barabara, kilima cha majani mekundu. Kogo Taplelei alikuja, akainama, akachukua konzi moja ya majani, akanusa. Hakulia. Aliuliza tu, "Yale yangu ni yapi?"

Yalikuwa yamechanganyika na ya wengine.

Mzee Ombati alifika na gari la msimamizi msaidizi, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni. Akafungua boneti peke yake. Nilimwona akirudisha waya kwa mkono mmoja, bila kutazama huku wala huku. Halafu akafunga boneti, akamwambia msimamizi msaidizi, "Ni kitu kidogo. Nenda tu, bwana, jioni tutakuja na hii." Gari lile lilipopotea ndipo aliponigeukia.

"Kijana. Hii waya ilijitoa yenyewe?"

"Hapana, Mzee."

"Uliogopa?"

"Niliogopa, Mzee."

"Sawa. Hata mimi naogopa, kila jioni, miaka kumi na moja. Lakini kuogopa hakuhitaji kuchomoa waya. Unajua wewe ulichoma nini hapa? Ulichoma kazi ya kila mama wa hii kituo. Nikisema, leo unakwenda nyumbani. Sitasema. Lakini jioni utabeba majani, na sasa hivi utatembea."

"Nitembee wapi?"

"Barabara. Yote. Unapenda kuuliza maswali, si ndiyo? Karakana yote inalalamika juu yako. Nenda uulize barabara."

Nikatembea, mwanangu! Nilianza kwa hasira, lakini kufika kona ya tatu nilikuwa nimesahau kukasirika. Kwa nini hapa gurudumu linateleza? Nikainama, nikaona maji yanatoka chini ya mwamba yanavuka njia, na kona ya kumi na tano hivyohivyo. Kwa nini kona hii inajikunja mara mbili? Kwa sababu waliochimba walizunguka kisima cha watu. Nikagundua kwamba safu ya mikaratusi inasimama upande wa bonde tu, kwa hiyo ukiona vigogo vyeupe, usiende upande huo. Nikagundua kwamba chai iliyochumwa ni bapa kama meza na rangi yake ni ya kung'aa, na hata usiku wenye mwanga kidogo tu ukingo wake unaonekana. Nikazipa kona majina: Kona ya Kisima, Kona ya Mbuzi Mweupe, Kona ya Mama Anayefoka, maana mama wa pale alinifokea kweli nikipita. Nilipofika kiwandani nilikuwa na vumbi mpaka kwenye meno na nilitaka jioni ifike haraka!

Nikapata lifti kurudi Kimulot, lori lilikokuwa bado, na jioni ikafika. Mizani, foleni, ukungu uleule. Kogo Taplelei alikuwa na kikapu kingine, nusu ya kile cha jana, maana miche michanga haina majani mengi. Alinitazama, akakitua kwenye mizani. Mzee Ombati akapanda kiti cha abiria.

Nikawasha taa ya ndani. Mkono wake mzima ukaizima.

"Nani anakaa hapa ndani tunataka kumwona?" akauliza. "Mimi unanijua. Wewe unajijua. Sasa tazama nje."

Nikangoja. Na taratibu, mwanangu, barabara ikatokea! Kioo hakikuwa tena na uso wangu. Niliona mawe, niliona ukingo, niliona vigogo vya mikaratusi vimesimama kama askari. Giza halikuwa limebadilika hata kidogo, ila mimi ndiye niliyekuwa nimejifunika macho kwa balbu yangu mwenyewe.

"Gia ya pili kabla ya mteremko," akasema. "Usingoje mteremko ukuombe."

Ukungu ukatuzunguka. Nikapandisha taa za mbele ziangaze mbali, na mbele yetu pakawa kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Unapigana na moshi? Shusha taa."

Nikashusha, mwanga ukapita chini ya ukungu, ukalala juu ya udongo. Kona ya Kisima, hiyo! Kona ya Mbuzi Mweupe, na mbuzi mwenyewe alikuwa bado amefungwa pale! Nikacheka peke yangu. Gari moja likaja kutoka chini, taa kali machoni. Mzee akasema, "Usimwangalie. Angalia ukingo wako wa kushoto," nikaangalia ukingo wangu, likapita.

Kona ya kumi na nne akaniambia nisimame. Tukashuka, akaingiza mkono wake mzima ndani ya gunia mpaka begani, akafumba macho. Akaniambia na mimi niingize. Majani yalikuwa baridi, yenye unyevu, kama mkono wa mtoto anayenawa.

"Bado yako hai," akasema. Kisha akachukua koti lake. "Haya. Mimi nimefika."

"Umefika wapi, Mzee?"

"Kwangu. Nyumba yangu ni ile yenye moto. Mke wangu amepika mboga, na wewe hukualikwa."

"Na kona zilizobaki?"

"Hizo ni za dereva."

Akashuka kwenye njia ya miguu bila kugeuka nyuma.

Nikapanda, nikashika usukani. Moyo ulipiga vilevile kama jana, usidhani ulinyamaza. Lakini safari hii nilikuwa na kitu cha kuufanyia. Nikauliza: kona inayofuata ni ipi? Ya kumi na tano, ile nyingine ya maji chini ya mwamba. Yako upande gani? Kulia. Basi tushike kushoto polepole. Nikashika. Halafu inayofuata ni ipi? Swali moja, kona moja, swali moja, kona moja, na nilipovuka Kona ya Mama Anayefoka nilipiga honi kwa furaha, naye akatoka mlangoni akafoka tena, nami nikampungia mkono! Niliimba. Sijui kuimba, lakini niliimba mpaka nikaona taa za kiwanda.

Mpokeaji wa majani akaingiza mkono kwenye gunia la kwanza, la pili, mpaka la mwisho. "Baridi," akasema. Ni neno tamu kuliko yote niliyowahi kuambiwa na mwanamume.

Kesho yake nilimfuata Kogo Taplelei shambani kwake, nikavua kofia, nikamwambia ukweli wa waya. Aliendelea kuchuma.

"Nilijua," akasema. "Tuliisikia lori ikirudi nyuma inaunguruma vizuri. Na wewe ulilala umewasha taa. Mgonjwa hakuwa lori."

"Sasa kwa nini uliniletea maziwa, Kogo?"

"Ningekuletea nini? Ningesema mbele ya watu kwamba unaogopa, ungeona haya, ungeendesha kwa hasira, tungekuokota bondeni. Chai itatoka tena wiki ijayo. Wewe una mama." Akatupa majani mgongoni, ndani ya kikapu. "Lakini kikapu changu cha kwanza unacho wewe. Usikisahau."

Sijakisahau. Nilibeba majani ya Kimulot miaka tisa, na sikuacha kikapu chake nyuma hata siku moja.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii usiogope usiku. Mzee Ombati aliogopa, na hakuna gunia lililoungua mikononi mwake. Nakuambia usidanganye kuhusu hofu yako, maana uongo ule hulipwa na mtu mwingine, mara nyingi mtu aliyekuwa amekungojea kwa muda mrefu. Mwambie dereva mzee, "Naogopa." Kisha itembee barabara hiyo mchana, kwa miguu, na uiulize kila kitu, mpaka kona zake uzijue kwa majina. Usiku ukija, zima taa ya ndani, ushushe gia mapema, uangalie ukingo wako wala si taa za mwenzako. Na ikiwa ni kona ishirini na saba, wewe uliza moja tu, ile inayofuata.

Sasa inuka, jua linazama, na gari lako liko nje. Mungu aliyeniteremsha kutoka Kimulot akuteremshe na wewe. Ukungu ukufungukie, breki zikusikie, mama aliyekupa mzigo akupokee akicheka, na kila unachobeba kifike kikiwa baridi. Nenda. Nitasimama hapa mlangoni mpaka nione taa zako zimevuka kona ya kwanza.