Nani Alinunua Zile Mashine za Gemu

Mashine mpya ya gemu iliisha dukani kwetu kabla hatujaipanga vizuri kwenye kabati la vioo. Duka ni dogo, liko ghorofani katikati ya jiji, na tunaliendesha wawili, mimi na kaka yangu mkubwa. Siku ile watu walipiga foleni hadi kwenye ngazi, na kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tunawarudisha.

Kaka alifurahi sana. "Watu wanaitaka hii kitu," akaniambia. "Tuagize mzigo mkubwa, tujaze stoo."

Mimi nilisita. Wengi walionunua hawakuuliza ina gemu gani wala inachezwa na watu wangapi. Walibeba maboksi mawili matatu wakaenda zao. Wiki iliyofuata nikaona mashine za aina hiyo mtandaoni, hazijafunguliwa, zinauzwa kwa bei ya juu kuliko yetu.

"Hao ni mabroka," nikamwambia. "Hatujui kama kuna mtu hata mmoja anaicheza."

Tulibishana siku kadhaa. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyetoa wazo: wateja walituachia namba za simu kwa ajili ya waranti, basi tuwapigie tuwaulize. Wa kwanza alikuwa ameshauza zake. Wa pili pia. Mwingine alicheka, akauliza kama tunataka kumuuzia nyingine. Kaka akawa mnyonge. Kisha simu ikapokewa na mama mmoja mwenye saluni Kenyatta Market, na nyuma yake kulikuwa na vicheko vingi.

"Mama, ile mashine inachezwa?" kaka akauliza.

"Kuja ujionee," akajibu.

Tulienda Jumamosi. Runinga ilikuwa ukutani, na mbele yake mteja aliyesukwa nusu ya kichwa alikuwa akishindana kwa magari na mchoma nyama wa kibanda cha jirani, ambaye hata aproni hakuwa ameivua.

"Tulia basi, usitingishe kichwa," msusi akamwambia mteja.

"Ngoja nipite hii kona."

Mwenye saluni alitueleza kwamba mashine aliwanunulia wanawe. Walipofungua shule akaileta kazini, kwa sababu kusukwa huchukua siku nzima na watu huchoka kukaa. "Sasa kuna wenye wanakuja hata nywele zikiwa sawa," alisema.

Kaka akapewa nafasi. Yule mama wa nusu kichwa alimshinda mara moja, kisha akamshinda tena, na kaka akacheka jinsi ambavyo sikuwa nimemsikia akicheka tangu tufungue duka.

Tulirudi nyumbani Woodley kwa miguu. "Kwa hivyo wenye wanaitaka kweli ni wangapi?" akaniuliza.

"Sijui. Lakini wapo."

Tukaagiza chache tu, na moja tukaifungua dukani, tukaiunganisha na runinga ili watu waijaribu. Hakukuwa na foleni tena. Walikuja mmoja mmoja, wakaketi, wakauliza maswali mengi, na wengine waliondoka mikono mitupu. Siku moja mzee mstaafu na mkewe walicheza gemu ya mpira mpaka tukafunga. Hawakununua, ila mke alisema wangerudi mwisho wa mwezi, na mumewe akaitikia huku bado anaangalia runinga. Walipotoka, kaka alichukua boksi moja akawawekea chini ya kaunta.