Paa la Bwana Bati

Katika kijiji kimoja upande wa Chinongwe, ukiuliza kwa Mzee Bashiri utaambiwa akina Bashiri wako wengi. Ukisema Bwana Bati, hata mbuzi watakuonyesha njia. Jina hilo halikutokana na utajiri. Nyumba yake haikuwahi kuwa na bati hata la kufunikia mtungi. Alijitafutia mwenyewe kwa mdomo wake, na hadithi yake ikisimuliwa, wa kwanza kucheka huwa ni yeye.

Watu walipohamishiwa kijijini, mikorosho yao ilibaki mbali, ikaliwa na vichaka na moto. Wakaahidiwa shule, maji na zahanati. Shule ilikuja. Maji yalikuja kwenye hotuba. Kuhusu zahanati waliambiwa wajitegemee kwa kuta, bati zitaletwa na serikali. Bashiri, ambaye hakuweza kukataa cheo, akawa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Kuta zikasimama, bati zisije. Masika yakaziramba, kiangazi wakazisimamisha tena, na mwaka uliofuata hivyo hivyo, mpaka jengo lile likawa kama zao la msimu. Bashiri alikuwa akipita pale jioni, mikono nyuma, akilikagua kama mwenye mali.

Kisha serikali ikaleta mkunga kabla ya paa. Alikuwa Sista Felomena, mtu wa Songea, mpole lakini asiyependa maneno marefu. Alipangiwa ghala la korosho lisilo na korosho, akatundika humo mizani yake ya kupimia watoto, panya wakimtazama. Alipokewa kwa vigelegele, na aliyefurahi kuliko wote alikuwa Bashiri, kwa sababu binti yake Mwanaima alikuwa na mimba ya pili. Ile ya kwanza, uchungu ulipoanza, mumewe Saburi alimpakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali Nachingwea, Bashiri akiwafuata kwa miguu. Mtoto alizaliwa njiani na hakulia. Tangu siku hiyo Bashiri aliichukia njia ile, na akiwa na safari ya mjini alizunguka kwa njia nyingine, hata kama ilimchelewesha.

Kiangazi hicho, kwenye mkutano wa kijiji, Saburi alisimama. Alikuwa kijana wa maneno machache.

"Baba, nyasi zimekauka vizuri. Tukate tuezeke. Siku bati zikija, tutaezua."

Bashiri akasimama taratibu, akakohoa kikohozi cha mwenyekiti.

"Mkwe wangu ni kijana mzuri, ila serikali bado hajaisoma. Tukiweka nyasi, atakayekuja atasema hawa wameshajisitiri, bati zipelekwe kwa walio uchi. Tuache kuta wazi. Jengo lililo wazi ndilo linaloomba vizuri."

Watu wakapiga makofi. Saburi akatazama chini, maana mtu habishani na baba mkwe mbele za watu. Hapo ndipo wenye midomo walipoanza kusema Bwana Bati, na mwenyewe akadhani anasifiwa. Wiki iliyofuata alienda porini peke yake, akakata nyasi nene, akaezeka upya nyumba yake. Kwa jengo la wote alisubiri bati. Kwa usingizi wake hakusubiri mtu. Ila pembe moja juu ya kitanda, upande wa mkewe Fatu, kama kila mwaka, nyasi zilipungua na bidii ikapungua nazo. Muda si mrefu moto wa mwituni ukapita ukateketeza mbuga yote.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya asiyesikia la mkwe hawakusema kitu, labda waliona aibu.

Mvua za kwanza zilipoanza, Felomena akamfuata Bashiri shambani.

"Mzee Bashiri, Alhamisi anakuja afisa kutoka mjini. Mimi sina ugomvi na ghala, wao ndio wanao. Akikuta jengo halina paa, nafunga mizigo, naondoka naye."

"Na Mwanaima?"

"Bado kidogo. Lakini mtoto amekaa vibaya. Asipande baiskeli."

Bashiri akatikisa kichwa kama mtu mwenye mpango. Hakuwa nao. Alizunguka kutafuta nyasi, akakuta majani mabichi ambayo yangeoza kabla hayajafungwa. Akarudi nyumbani, akalala chali, na hapo juu yake akaziona nyasi kavu, nene, safi, zimepangwa na fundi hodari. Aliogopa kuzitazama sana, akafumba macho. Alipoyafumba akaiona ile njia ya Nachingwea, na baiskeli.

"Mama Mwanaima," akasema, "nataka kuezua."

Fatu akainuka. Alianza kutoa vyungu nje.

"Nilijua tu," akasema baadaye, amebeba mkeka. "Nilijua kuna siku mdomo wako utatulaza nje."

Saburi akaja na majirani. Hakusema nilikwambia. Alipanda tu juu, akawa anashusha matita ya nyasi kwa upole, na upole ule ulimuuma Bashiri kuliko matusi. Alhamisi, kabla gari halijajikwamua kwenye matope ya bondeni, zahanati ilikuwa na paa na nyumba ya mwenyekiti wake ilikuwa na mbingu.

Afisa aliingia, akatazama juu, akafurahi.

"Huu ndio moyo wa kujitegemea. Nyasi kavu masika haya mmezitoa wapi?"

Watu wote wakamgeukia Bashiri. Palihitajika kusema kweli tu. Angenyoosha kidole, fito za nyumba yake zilikuwa zinaonekana pale pale. Lakini alikuwa amesifiwa, na Bashiri akisifiwa hana akili.

"Tulijipanga mapema," akasema.

Afisa akampa mkono. "Basi Sista abaki. Na bati zenu zimeshafika mjini, lakini ninyi mmeshajisitiri. Nitazipeleka kwa wenzenu walio uchi."

Bashiri aliyatambua maneno yake mwenyewe, yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, neno kwa neno. Alikuwa amesema kweli kiangazi kile. Hakujua kwamba mtu anaweza kuwa na haki na bado akawa mjinga.

Masika hayo yeye na Fatu walihamia jikoni pamoja na kuku, na jogoo hakuwaficha kwamba wamemsumbua. Wapita njia walisalimu kwa adabu mno, "Bwana Bati, umeamkaje?" Naye alijibu kwamba ameamka amelowa, alhamdulillahi.

Uchungu wa Mwanaima ulianza asubuhi, mto umejaa, njia ya Nachingwea imefungwa kabisa. Bashiri na Saburi walikaa nje ya zahanati, mgongo ukutani, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Ilichukua muda mrefu. Felomena alisikika akiamuru, akibembeleza, kisha akanyamaza, na kimya hicho Bashiri alikijua. Akashika mkono wa mkwewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Halafu mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshwa, na Saburi akalia naye.

Walipoitwa ndani, Fatu alikuwa ameketi na mjukuu mapajani, wa kike, ngumi zimekunjwa. Bashiri akainama amtazame vizuri. Tone likamwangukia kisogoni, kisha jingine, karibu na uso wa mtoto. Akatazama juu. Nyasi zile zile chache za pembe ya kitanda, mvua ilikuwa imezitambua hata baada ya kuhama.

Alitoka mbio akarudi na ngazi na tita alilolitoa kwenye paa la jikoni, akapanda kwenye mvua, akaziba, akafunga, akakagua, akafunga tena. Aliporudi ndani alikuwa anachuruzika maji.

Fatu akaitazama pembe iliyozibwa.

"Baba Mwanaima, miaka yote hiyo nimelowa mimi, kumbe kuziba unajua?"

Bashiri akajifuta uso.

"Nilikuwa nasubiri bati," akasema.