Mguu wa Mzee Aminieli na Dawa Mbili

Miaka ishirini na sita Mzee Aminieli wa kijiji cha Poli alikuwa muonja kahawa wa chama cha ushirika, na hakuna aliyewahi kuushinda ulimi wake. Mguu wa kushoto ndio uliomshinda yeye. Kila baada ya hatua mia mbili ulikaza kama umefungwa kamba. Kwa kuwa hakutaka kuonekana mgonjwa, alisimama kwenye shamba la jirani na kukagua mibuni. "Huu upunguzeni matawi," alisema, kumbe anasubiri maumivu yapoe.

"Mibuni ya watu imepona yote," mkewe Anjela alimwambia. "Twende hospitali."

Huko mjini, daktari Simaloi alimweleza kuwa wanalinganisha dawa mbili zinazofanya mishipa ya damu ya miguu ing'ae kwenye picha za MRI. Angepigwa picha mara mbili, wiki moja katikati, kila mara kwa dawa nyingine, bila kuambiwa ipi ni ipi.

"Nitaijua tu," alisema Aminieli. "Nitaionja."

"Inadungwa mkononi, baba."

"Ulimi huu haujali imepita mlango gani."

Siku ya kwanza hakuonja kitu, akanuna wiki nzima. Siku ya pili Tabitha, mpiga picha, alimlaza, akaunga mpira wa kupitishia dawa mkononi na kusukuma bomba la sindano la kwanza. Mzee akainua kidole.

"Hii sasa! Ina chumvichumvi, inabaki kooni. Andika, binti: hii ndiyo bora."

"Baba, hayo ni maji ya chumvi ya kusafishia mpira. Dawa bado."

Alicheka mpaka Tabitha akamsihi atulie, picha zisiharibike.

Picha za siku zote mbili zilionyesha kitu kilekile: mshipa wa paja umebana. Dawa ipi bora, alisema Simaloi, watajua wakimaliza wagonjwa wote arobaini. Mzee mwenyewe apewe vidonge, aache sigara, atembee kila siku mpaka mguu uume, apumzike, aendelee.

Sigara aliziacha kwa manung'uniko yaliyosikika mtaa mzima. Kutembea alikupenda. Mwezi wa nne tangu aanze vidonge alishuka mji mdogo wa Usa River kununua sabuni, akaupanda mlima kurudi bila kusimama hata mara moja, akaingia uani anahema, uso umechanua.

"Sabuni iko wapi?" Anjela akauliza.

Mzee akajipapasa mifuko yote, kisha akageuka, akashika njia tena.