Vibao vya Babu Brashi

Filamu ilipokwisha, ukumbi mzima wa shule ulisimama na kupiga makofi. Ilikuwa habari ya kijana mweusi, mpiga piano, aliyefungiwa kila mlango na Wazungu mpaka vidole vyake vikaufungua. Mwalimu mkuu, machozi yakimlengalenga, akatangaza kwamba mtu wa namna hiyo yumo humu humu, na atasema machache. Mjukuu wa kike wa Babu Brashi akamgusa mzee kwa kiwiko. "Haya Babu, ni wewe."

Babu Brashi hakusimama.

Habari zake kila mtu alizijua, maana familia ilizisimulia mpaka zikachakaa. Mkono wake ulikuwa na kipaji usipime. Akivuta mstari bila rula, wenye rula wanaona haya. Ndiye mweusi wa kwanza kupewa meza kwenye karakana ya vibao ya Wazungu. Hapo ndipo hadithi ilipokomea siku zote. Alichokuwa akiandika mezani pale hakuna aliyemuuliza, naye akajifanya hamnazo miaka hamsini.

Aliandika WAZUNGU TU. Vibao vya mabenchi, vya vyoo, cha mlango wa mbele wa hospitali. Hicho cha hospitali ndicho kilichomchoma. Bosi alishakipokea na kukisifu, lakini yeye akaona herufi mbili zimebanana. Akakirudia siku yake ya mapumziko, bila kuagizwa na mtu, akazitia herufi kivuli cha bluu ili zionekane kutoka mbali. Akarudi nyumbani akipiga mluzi. Kazi unaweza kusema ni kutafuta riziki; mluzi je? Kila alipoukumbuka alitamani ardhi immeze.

Mwishowe akainuka, macho sakafuni, akaeleza yote, hata kivuli cha bluu. Mjukuu alikuwa amemshika mkono, akauachia taratibu. Mwalimu mkuu akaanza kusema kwamba enzi zile zilikuwa ngumu kwa kila mtu, lakini bibi mmoja wa safu ya mbele, aliyekuwa dobi maisha yake yote, akamkatiza.

"Kile cha hospitali, mlango wa mbele?"

"Ndiyo, dada."

"Nilikuwa na mtoto mgongoni, anachemka homa. Nilikisoma nikiwa bado ng'ambo ya barabara." Akamtazama. "Ulikiandika vizuri. Sikuhitaji hata kuvuka."