Ile Order Haikuharibiwa na Mugendi

Bado nakataa. Jumatano alikuwa anatuchekesha kwa group, Ijumaa tukaambiwa ni kifua tu, amelazwa, Jumapili asubuhi hayuko. Mugendi! Miaka ishirini na sita!

Wanaonijua wanajua mimi siposti. Hata kuitika jina darasani hunitoa jasho. Lakini kuna kitu nimeficha tangu mwaka jana, na kesho tunamzika kwao Embu, kwa hivyo naomba msome hadi mwisho.

Kwa wasiomjua: Mugendi ndiye alisimamia vifaa kwa klabu yetu ya kulenga shabaha hapa Kinoru, Meru. Bastola za upepo, mita kumi, karatasi ya duara mbele yako, basi. Siku za kazi alikuwa mtu wa ofisi mjini. Jumamosi alikuwa wetu.

Siku yangu ya kwanza nilienda moja kwa moja kwa ile bastola nyeusi inayong'aa. Akaniuliza, "Nkatha, unachagua simu ama bastola?"

Akaniambia nifunge macho, niinue mkono, nifungue. "Sight zinaangalia wapi?" Zile alama za kulengea juu ya bastola zilikuwa zinaangalia dirisha. "Basi hiyo si yako. Yako ukiiinua inaangalia mbele yenyewe. Chagua mpini kwanza, pale mkono unaposhika, hayo mengine ni makelele."

Viatu pia. Nilikuja na raba nene za dada yangu za kukimbia. Akabonyeza soli na kidole. "Hizi ni mandazi. Tafuta za soli bapa soko la Gakoromone." Nilikasirika, nikaenda, na mwili ukaacha kuyumba. Alikuwa right. Alikuwa right kila wakati na ilinichosha!

Shida yangu ilikuwa mkono. Mimi ni wa kushoto. Cucu wangu, mama ya mum, hadi leo nikimpa chai na kushoto hapokei kikombe, kwa hivyo nimezoea kuuficha huo mkono. Na klabu haikuwa na mpini wa kushoto hata mmoja. Nilikuwa napiga na mpini wa kulia, kidole gumba kikikosa pa kukaa, na risasi zinaenda zinakotaka.

Chairman wa klabu akanishauri nibadilishe mkono, niache kusumbua watu. Mugendi akakataa. Alihudhuria meeting baada ya meeting hadi wakakubali tuagize mpini mmoja kutoka nje. Mmoja tu, na ukija haurudi.

Form ilitaka mchoro wa mkono ili wajue saizi na upande. Akasema, "Weka mkono wa kupigia kwa karatasi, mtu mwingine akuchoree."

Mtu mwingine. Yaani nimwombe mtu azungushe penseli kwa vidole vyangu? Niliona aibu. Nikajichorea mwenyewe kwa meza ya jikoni.

Penseli nilishika na kushoto, kama kawaida yangu. Mkono uliobaki kwa karatasi ukawa wa kulia. Wallahi sikufikiria!

Nilimwachia form ofisini kwake. Jioni hiyo akanitumia message: "Nkatha, huu ni mkono wa kulia. Umeamua kubadilisha kama Chairman alivyosema?" Nilisoma haraka haraka, nikaona ni swali, nikatuma emoji ya dole gumba. Mimi hujibu ndio ili watu waniache. Hiyo ndiyo tabia yangu na naichukia.

Mpini ukaja. Mzuri, saizi yangu kabisa. Wa kulia.

Kwa meeting Chairman aliuweka mezani akauliza, "Nani alijaza hii kitu?" Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Mugendi alikuwa na ile message kwa simu, mfukoni. Angeisoma tu. Badala yake akasema, "Ni mimi. Sikuangalia vizuri."

Hakunitazama hata. Na mimi nilifanya nini? Niliangalia viatu vyangu.

Baadaye akanifuata kwa gate. Nilidhani sasa ndio ananimaliza. Akasema tu, "Jumamosi usichelewe, tuko na fundi."

Akaanza kuchonga mpini wa kushoto mwenyewe, kwa fundi mmoja wa mbao mtaa wa Majengo. Tupa, msasa, ananishikisha, anatoa, anapunguza tena. Wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulinifinya kiganja. Wa tatu ndio ulikubali. Fundi akamcheka, "Wewe unachonga mpini ama unachonga bibi?" Jumamosi zote hizo nilikuwa na nafasi ya kusema pole. Zote! Nilisema "asante" na "sawa" na "nimechelewa, mum ananingoja".

Mugendi, kwani ungeniuliza mara moja tu mbona nilikuacha ubebe kosa langu, ungekufa? Ona sasa nimeandika nini. Samahani. Lakini nimekukasirikia, na nimejikasirikia zaidi.

Jana kwa matanga Chairman alituonyesha eulogy aliyoandika, ile ya kumsifu marehemu kesho kaburini. Kuna mahali inasema, "Alikuwa na bidii, hata kama alituletea mpini wa mkono usiofaa." Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mama Mugendi hakucheka. Nilikuwa hapo karibu yake na birika la chai, na nikaendelea tu kuwamiminia watu.

Mama Mugendi, mwanao hakukosea. Ni mimi. Aliniuliza vizuri, nikamjibu uongo kwa uoga, halafu nikamwacha abebe. Ile message bado ninayo, na nimeiweka hapa chini kila mtu aione.

Chairman, nakuheshimu sana. Tafadhali toa hiyo line. Ukiisoma kesho nitasimama katikati ya watu na niseme haya yote kwa mdomo. Nitatetemeka, pengine nitalia, lakini nitasimama.

Pumzika vizuri, Mugendi wetu. Huna deni la kosa langu tena.