Ngoma za Rumondang

Maiti ya Rumondang ilikuwa imelazwa sebuleni, na mumewe, Baba Saut, alitaka jambo moja tu: mkewe azikwe kwa ngoma. Maisha yao yote walilima vitunguu na kahawa kwenye mteremko wa mawe, na mama wa watu hakuwahi kushangiliwa hata siku moja.

Lakini ngoma ni za mzazi aliyekwisha kuoza watoto wote, na kitinda mimba wao, Haposan, alikuwa hajaoa. Ruhusa ilikuwa mkononi mwa Jalintar, kaka wa marehemu, kwa maana kwa Wabatak, kabila lao, ukoo uliokupa mke hubishani nao.

"Shemeji, mruhusu dada yako apigiwe," Baba Saut aliomba, amepiga magoti.

"Apigiwe vipi, na hilo jibaba lako bado linalala jikoni na mbwa? Likaoe kwanza!"

Watu wakacheka. Haposan akainama. Yeye alikwisha kuposa, tena binti wa mjomba wake huyu huyu, kama mila inavyotaka. Siku hiyo Jalintar alijibu kwamba hakuzaa mtoto aje kubeba mbolea kichwani kwenye kijiji ambacho hata pikipiki haifiki, akamwoza kwa karani wa mjini Medan.

Baba Saut akampakulia shemeji yake wali na samaki, akampa kwa mikono miwili, kama heshima inavyodai.

"Kisamaki chenyewe hiki, shemeji?" alisema Jalintar, akala.

Rumondang alizikwa kimya, udongo tu ukisikika juu ya jeneza.